Sombe ya Matanga

Juzi, sokoni Kasuku, mashine ya kusaga sombe, yale majani ya muhogo, ilinguruma karibu yangu, nikaikumbuka mikono ya bibi.

Ilikuwa matanga ya baba mdogo. Watu wenye bunduki walishambulia treni aliyokuwa akiiendesha, wakamuua pamoja na abiria. Nyumba ilinuka moshi na majani ya muhogo. Wanaume walibishana ndani. Mimi nilitwanga mlangoni.

"Bibi, sombe imeisha kulainika."

"Twanga tu, mama. Na nguvu."

Nilidhani ananiadhibu kwa kuwa sikulia. Mikono iliponiuma, nikapumzika.

"Serikali haiwezi kulinda reli yote," mjomba alikuwa akisema.

Sauti ya baba ikapanda: "Ilijua! Tuliwaambia kwamba wale wa bunduki wanakuya, wakaacha treni itoke. Nani njo atajibu?"

Jirani yetu, mtu wa chama tawala, akageuza shingo polepole barazani kwake. Bibi akaninyang'anya mchi, akatwanga huku machozi yakidondokea kinuni.

Jioni wageni waliisifu sombe ile kwa ulaini. Baba hakuigusa.

Sasa najua mchi ule ulikuwa wa kufunika sauti za baba na mjomba. Nani atajibu, hilo bado silijui.