Ngozi ya Paulo

Tarehe tisa mwezi wa kumi, mwaka 1967, nilimpoteza Paulo, pacha wangu. Sikujua. Nilikuwa nimelala kifudifudi hospitalini, na ngozi yake ilikuwa inashika vizuri mgongoni mwangu.

Naitwa Petro. Tulizaliwa Kalembe. Paulo alilima maharagi na mihogo. Mimi nilifanya kazi kwenye kamio, lori la mfanyabiashara wa Butembo; tulipeleka maharagi Hombo, tukarudi na mafuta ya mawese. Tulifanana hata Mama alitutambua kwa sauti tu.

Mwezi wa saba nilimimina esanse, petroli ya kamio, injini ikiwa bado ya moto. Shati likawaka. Nilikimbia, na kukimbia kukauongeza moto. Niliungua mgongo wote, matako, na mapaja kwa nyuma. Watu wanne walinibeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka hospitali ya misheni.

Siku ya tano usaha ulianza. Harufu yangu ilinitapisha mwenyewe. Sikuweza kugeuka. Uso wangu ulitokeza ukingoni mwa kitanda, ukitazama saruji, na kwa miezi niliwajua watu kwa miguu yao. Masera, watawa waliotuuguza, walikuwa viatu vyeupe. Mama alikuwa kisigino kilichopasuka. Paulo alikuwa kambambili za tairi, na kidole kikubwa kilichopinda kama changu.

Daktari alikuwa viatu vyeusi vya kamba. Kwao Ulaya alikuwa kati ya wale wa kwanza kutoa figo ya mtu na kumshonea ndugu yake. Nilimuuliza kama walipona.

"Wa kwanza walikufa," alisema. "Mapasa njo walipona, mapacha sawa ninyi."

Ngozi yangu nzima iliyobaki haikutosha kunifunika. Aliomba ya Paulo. Papa, baba yetu, akakataa.

"Kwetu, ukikata pacha mumoja umekata wote wawili. Kata miye."

"Mwili iko na bariyeri na askari, sawa ile ya ku barabara, Papa. Ngozi yako haina karatasi. Wale askari wataifukuza."

"Hata miye baba yake?"

"Hata wewe."

Papa hakusadiki. Nilikuwa naoza, basi daktari akachukua ya Papa ili inifunike hata kwa siku chache. Siku ya kumi ikawa nyeusi, ikatoka vipande vipande pamoja na bendeji. Papa aliitazama ngozi yake ndani ya beseni.

Ndipo Paulo akasema: "Mu tumbo ya Mama tulilala wawili, hakuna mutu aliomba ruhusa. Kata, Dokta. Lakini matako uniachie, nitakalia nini ku kanisa?"

Nilicheka, na kucheka kuliniuma.

Ngozi yake ilishika. Daktari alimwambia alale mpaka vidonda vya mapaja yake vifunge. Siku ya nne kambambili zilisimama mbele yangu.

"Mvua imeanza, kaka. Nani atatupandia maharagi?"

"Dokta amekatala."

"Dokta halimi."

Ningeweza kumwambia, "Baki." Sikusema. Na mimi nilitaka maharagi yapandwe.

Baadaye miguu yake haikuja tena. Mama alisema, "Ameenda Walikale kutafuta mawese." Kwetu pacha haambiwi kifo cha mwenzake, asije akamfuata. Wiki zikapita. Asubuhi moja Papa alikuja, nikaona miguuni mwake kambambili za Paulo, zenye ukanda niliofunga mwenyewe kwa waya wa kamio.

"Papa, Paulo iko wapi?"

 Vidole vyake vilijikunja kama vinataka kujificha. Sikuweza kugeuka nione uso wake.

Daktari ndiye aliyekaa chini, juu ya saruji, tukatazamana.

"Pepopunda. Iliingia mu kidonda ya mupaja. Wagonjwa nimepoteza wengi, Petro. Mwenye kutoa, huyu njo wa kwanza. Nilipashwa kumufungia mulango."

Nilitaka kuing'oa ile ngozi. Ilikuwa mgongoni; mikono haikufika. Nilibaki ndani yake.

Wewe uliyelala kama nilivyolala, kula hata kama chakula hakipiti, na wakija kukuosha vidonda, lia lakini usiwafukuze. Mwili unaweza kufunga vidonda vyake. Na mtu akikupa kitu cha mwili wake, yeye naye ni mgonjwa. Mlaze. Mwambie abaki. Namshukuru Mungu, masera, Papa, na yule daktari ambaye hakunificha.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata walinisimamisha. Papa akavua kambambili, akaziweka mbele yangu.

"Vaa."

Zilinitosha.

Kamio ilitushusha Kalembe, Papa akiwa miguu mitupu. Maharagi ya Paulo yalikuwa yamekauka, yakingoja kung'olewa. Niliinama kushika shina la kwanza. Ngozi ya mgongoni ikavutika, ikauma, ikashika. Nikang'oa.