Mstari wa Mzee Kapinga

Nichekeni tu, nimestahili. Chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Mbinga kina tovuti, nami ndiye fundi wake. Juzi niliipachika sehemu mpya ya kuandikia matangazo, yenye vitufe vya kukoleza maneno, kuyalaza na kuyakata kwa mstari. Nilivibofya siku nzima kama mtoto aliyepewa filimbi. Nikaweka na chujio, kisipite kitu kibaya kwenda kwa wasomaji.

Tangazo la kwanza aliandika katibu wetu, Mzee Kapinga. Siku ya mkutano nikalirusha ukutani kwa projekta, mbele ya wakulima na mnunuzi tuliyemngoja msimu mzima. Mgeni mwenyewe akalisoma kwa sauti:

"Tunamkaribisha kwa shingo upande kwa moyo mkunjufu mnunuzi wetu mbabaishaji mpendwa."

Akafunga mkoba wake. Nami, kwa kiherehere, nikadakia: "Mzee, mtambo huonyesha ulichoandika tu!"

"Nilikata, mwanangu," akajibu taratibu. "Kumbukumbu za chama hazifutwi. Neno likikosewa, hukatwa kwa mstari."

Ningenyamaza, lakini udadisi ulinishinda. Nikafungua pale alipoandikia, ukutani, watu wote wanatazama. "Kwa shingo upande" limekatwa. "Mbabaishaji" limekatwa. Ndipo nikakumbuka chujio langu, linalotupa kila alama nisiyoiruhusu: niliruhusu kukoleza na kulaza, mstari nikausahau, nalo likautupa na kuyaacha maneno.

Mzee akavua miwani. "Mstari niliupiga mimi. Wewe umeupeleka wapi?"