Karibu ya Mara ya Tatu

Mwanangu alikuwa na miaka minne tulipohamia Soweto, Afrika Kusini, na mimi ndiye niliyemfundisha kukataa chakula. Sitafuti wa kumsingizia.

Kwetu Tanga, mtoto anayekodolea macho sufuria ya watu anamwaibisha mama yake. Samaki mkunje angali mbichi, basi nami nilimkunja hasa. Ukikaribishwa, nilimwambia, sema asante, nimeshiba. Wakikukaribisha tena, sema vilevile. Ya tatu, hapo onja kidogo. Mashangazi walimsifu, mie kichwa kikavimba.

Baba yake alikuwa mkimbizi wa siasa kutoka huko. Nchi yao ilipopata uhuru alirudi, nasi tukamfuata. Kazi aliyoahidiwa haikutokea, akaenda kuitafuta Durban, tukabaki wawili kwenye chumba cha uani kwa wifi yangu. Asubuhi chai ya rangi, jioni ugali na kabichi, na kuna jioni tulilalia hiyo hiyo chai. Sikubabaika sana, kwa kuwa mtoto alikuwa chekechea mtaa wa pili, na pale walipewa uji asubuhi, mchana maharage au supu ya soya, na kikombe cha maziwa. Jioni nikawa najipakulia kabichi nyingi kuliko yeye. Nasema kweli yangu. Nilijiambia yeye ameshakula.

Kila siku nilimuuliza, "Leo wamepika nini?" Naye ananitajia: supu, maharage. Hakusema uongo hata siku moja.

Baridi ilipoingia alipata kikohozi, nikampeleka kliniki. Nesi akampima uzito, akatazama kadi, akampima tena. Akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamjibu kwa jeuri kwamba anakula shule mara mbili kwa siku, aende akawaulize.

"Mama, huyu mtoto hali," akasema. "Uzito ukishuka tena, tunamlaza hospitali."

Nilitoka pale nimefura. Walimu wanaiba chakula cha mwanangu, ndivyo nilivyowaza, na njia nzima nilikuwa nikipanga matusi kwa Kiingereza. Nilifika wakati wa chakula cha mchana. Mwalimu, mama mtu mzima mwenye aproni, alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Eish, mama," akasema. "Siku ya kwanza tulimpa, akaweka mkono tumboni, akatikisa kichwa. Siku ya pili vilevile. Na anavyokuja kapigwa pasi, nywele zimesukwa, tukajua kwao wanashiba. Chakula chake tukawa tunampa mwingine."

Mara mbili! Yarabi, mara mbili tu. Watoto arobaini, sufuria moja, nani ana nafasi ya kumbembeleza mtu? Huku ukisema umeshiba, umeshiba. Mwanangu alikaa miezi mitatu mbele ya wenzake wanaokula, anangoja kukaribishwa mara ya tatu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimfuata alipokaa, pembeni, mikono mapajani kama nilivyomfundisha. Mwalimu akaleta bakuli la maharage na maziwa. Mtoto akanitazama mimi kwanza.

"Kula," nikamwambia.

"Wamenikaribisha mara moja tu, mama."

"Kula, mwanangu. Kula bwana!" Sauti ilinitoka kali, na wala hakuwa na kosa.

Akala. Hakuinua macho. Alishika bakuli kwa mkono mmoja, lisije likachukuliwa, akalikomba kwa kidole, kisha akanywa maziwa bila kupumua. Sijapata kumwona mtoto akila namna ile, na nimeona watoto wengi. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye simenti.

Alipomaliza alijifuta mdomo kwa kiganja, akaninong'oneza, "Mama, ni leo tu, au na kesho?"

Mwalimu hakujua Kiswahili. Akaniuliza mtoto anasema nini.

Nikamwambia anashukuru.