Kijani Kisichofika Nyuma

Ofisini walimwita Mama Nyaya, ingawa hakuwahi kushika waya hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kurasa za mbele, zile mtu anazoziona kwenye skrini, na programu ya Java kule nyuma, inayopanga nafasi za wagonjwa na kukataa zikijaa. Watu wa mbele na watu wa nyuma walikuwa hawasikilizani, kutwa yeye ndiye wa kuwapatanisha.

Asubuhi hiyo mama yake mzazi alimpigia simu kutoka hospitali ya macho, sauti imenywea. "Mwanangu, wananiambia simo kwenye orodha. Na tangu jana sijatia kitu tumboni, si ndiyo leo napasuliwa jicho?"

"Humo vipi, mama? Si mpokezi alikuandikisha?"

"Alibonyeza kitufe nikiwa pale pale. Akanisomea: umepata nafasi."

Damu ikamchemka. Mfumo wa hospitali ile ulitoka ofisini kwao, ulikabidhiwa wiki iliyopita tu. Akafungua ukurasa wa kuandikisha, akakifuatilia kile kitufe kinapeleka wapi. Lo! Hakikwenda popote. Mchoraji wa kurasa alikuwa amebandika maandishi ya kijani ya mfano tu, ya kuonyeshea wageni: ukibonyeza tu, "Umepata nafasi." Huko nyuma hakuna aliyeulizwa chochote. Wiki nzima wagonjwa wanagawiwa hewa! Akasukuma chai yake pembeni, akamwendea bosi wake.

"Bosi, hiki kitufe hakizungumzi na nyuma."

"Najua, dada. Utakiunganisha taratibu."

"Unajua?"

"Usikuze mambo. Kijani kinawatuliza watu."

Alisonya msonyo uliosikika mpaka mapokezi. Mtu mzima na tai yake shingoni, hana hata chembe ya haya! Akaketi, akakiunganisha mwenyewe: kipeleke ombi nyuma, kisubiri, kisha kiseme jibu lile lile lililotoka huko, liwe tamu liwe chungu. Akajaribu kwa jina la mama yake. Maandishi yakaja mekundu: "Nafasi zimejaa. Jaribu mwezi ujao."

Bosi alikuwa amesimama mgongoni kwake. "Haya, umefurahi sasa? Rudisha kijani kabla wateja hawajaanza kupiga simu."

"Rudisha mwenyewe, kama una uso huo. Unanitia kinyaa." Akabeba mkoba wake, akatoka.

Alimkuta mama yake kwenye benchi, kavaa gauni lake la kutokea, midomo imemkauka.

"Inuka ukale, mama. Nafasi zimejaa. Hukuandikwa kabisa."

"Mbona yule binti wa mapokezi aliona nimeandikwa?"

"Uliandikwa uongo, mama. Uongo wenyewe umetoka ofisini kwetu."

Mama akapapasa mpaka akaupata mkono wa bintiye.

"Ofisini kwenu," akasema polepole. "Na mimi tangu asubuhi najisifu kwa wenzangu hapa, kwamba ile mashine ameiunganisha mwanangu."