Jiwe la Gerbrand Lashuka Dirishani

Kwa miaka ishirini na sita nimekaa chini ya meza ya biliadi ya Gerbrand Oudshoorn, ghorofa moja chini yake, na kwa miaka hiyo yote nimekuwa nikigonga dari kwa ufagio. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, wazee wanne walijikusanya juu kwake, kisha ko, ko, ko, mipira mitatu ikigongana juu ya kichwa changu mpaka saa kumi na moja jioni. Gerbrand alikuwa mfunguaji wa daraja la mfereji wetu, lile linaloinuliwa mashua zipite, hadi alipostaafu. Mkewe alipofariki, ni Alhamisi hizo zilizomshikilia. Nilijua hilo, ndiyo maana nilikuwa nagonga taratibu.

Mwaka huu magoti yamemkatalia ngazi. Akapata nyumba ya chini ng'ambo ya mfereji, mkabala kabisa na dirisha langu. Alifurahi siku moja tu, ya pili akaikumbuka meza. Ndani yake, chini ya kitambaa, mna bamba moja la jiwe, karibu kilo mia mbili, na jiwe lile likipata ufa halina dawa.

"Likivunjika, jirani, basi tena," aliniambia. "Nitakaa pale nitazame bata mpaka nife."

Shemeji yake Wubbe, kaka wa marehemu, hakuona tatizo lolote. Hapa Amsterdam ngazi zetu ni nyembamba, vitu vikubwa hupitia dirishani kwa kamba, na kila nyumba ina boriti yake inayochomoza nje juu kabisa, yenye kulabu. Meza ilipandishwa kwa kulabu hiyo miaka thelathini iliyopita, na Wubbe ndiye aliyeshika kamba.

"Watu wa bima wa nini?" akafoka nilipopendekeza kampuni yenye bima. "Kulabu ipo, kamba ninayo, mgongo ninao!"

"Mgongo wako una miaka sabini na moja," nikamwambia.

"Na mdomo wako je, mama?"

Nilishuka kwangu nikaipigia simu kampuni ya kuhamisha mizigo, ile inayobeba piano na meza za mawe, yenye bima ya kila kitu. Gerbrand alinuna siku mbili, akisema nimemuaibisha mbele ya mtaa. Na anune. Mimi ni mtu wa shari, kila mtu anajua.

Jumatatu walikuja watatu, mkubwa wao mwanamke mpana wa mabega aitwaye Jildou. Gerbrand aliwapa kahawa na biskuti moja kila mmoja, kisha akafunga kopo, kwani ada ya hapa ni biskuti moja tu. Jildou akaitandaza karatasi ya bima mezani.

"Mzee, jiwe lako limelipiwa. Likipata hata mkwaruzo, ni juu yetu. Lakini sharti ni hili, asiguse mtu mwingine. Jiwe lina bima. Shemeji yako hana."

Wenzake walicheka. Wubbe hakucheka. Alikuwa ameshatundika kamba yake tangu asubuhi, na majirani walishajipanga ukingoni kutazama.

"Tumia angalau kulabu yetu, dada," akasema. "Hiyo imewabeba babu zetu na makabati yao."

"Tahadhari kabla ya hatari, baba. Ngoja kwanza niisalimie."

Akapanda hadi dari ya juu, akatoa kiwiliwili dirishani na kuigonga boriti kwa mpini wa bisibisi. Kisha akaigeuza bisibisi, akaichomeka. Ikazama yote mpaka mpini, laini, kama kisu kwenye keki. Vipande vyeusi vya mbao iliyooza vikadondoka hadi barabarani.

Boriti hiyo sisi wenyewe huipaka rangi kila baada ya miaka mitano. Nyeupe, nzuri, inang'aa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuangalia kilichomo ndani.

Kutoka dirishani nilimtazama Wubbe, aliyekuwa ameshashuka barabarani. Alikuwa amesimama palepale anaposimama mshika kamba, chini ya kulabu. Alisogea hatua mbili, akaketi kizingitini na kuvua kofia.

"Shemeji," Gerbrand akaita kutoka dirishani. "Toka hapo chini, mpumbavu wewe! Nimeshamzika dada yako, nawe unataka nikuzike?"

"Nimeshatoka," Wubbe akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

Wakaleta ngazi yao ya umeme, yenye jukwaa la kushushia mizigo, wakaiegemeza ukutani mbali na boriti. Fremu ya dirisha ikatolewa. Jiwe likatoka limevikwa mablanketi na mikanda, likashuka kidogo kidogo, nami nikiwa nimeshika ufagio bila kujua kwa nini. Lilipotua, mtaa mzima ulishusha pumzi. Mimi nililia kidogo, na sioni aibu kusema.

Ng'ambo ya mfereji Jildou alilisawazisha jiwe kwa pimamaji, akalivalisha kitambaa kipya cha kijani. Gerbrand akaweka mpira mweupe katikati na kuuachia. Tukausubiri. Haukusogea hata unywele.

Akawamiminia kahawa tena, akafungua kopo la biskuti na kuliacha wazi mezani. Jildou alilitazama lile kopo, akamtazama na yeye, akachukua mbili.

Alhamisi juu yangu palikuwa kimya, kimya cha kuumiza masikio. Nilifungua dirisha. Kutoka ng'ambo ikaja ko, ko, ko, na sauti ya Wubbe ikimshutumu mtu kwa wizi wa pointi. Nikachukua ufagio, nikagonga fremu ya dirisha kwa nguvu zangu zote.

Gerbrand alitokea mlangoni na fimbo yake ya biliadi mkononi.

"Tunakusumbua, jirani?"

"Sana!" nikapaza sauti. "Endeleeni!"