Taa ya Mke Mwenza

Marehemu mke wangu alikuwa mkunga wa farasi miaka thelathini na mitano. Jike wake wa mwisho, wa rangi ya kahawia, alimpa jina Mke Mwenza. "Huyu ndiye aliyeninyang'anya bwana," aliwaambia wageni. "Kila asubuhi anamwamkia yeye kwanza." Uongo mtupu. Asiyetoka bandani alikuwa yeye mwenyewe, mke wangu.

Jioni aliwasha taa ya banda akafanya kazi zake. Ikizimika, nilijua anavuka ua anakuja, naweka chai motoni. Alipougua haikuwashwa tena.

Kabla hajafa alinishika mkono. "Mke Mwenza kazeeka. Asiposhika mimba mwaka huu, basi tena. Mpeleke kwa dume la jirani yetu seremala."

Wiki ya maziko seremala alikuja kutoa pole. Akasema anahama, na dume anaondoka nalo baada ya miezi miwili na nusu. Nikamwita daktari wa mifugo, mama mmoja tunayemwita Mkono Mrefu kwa sababu ya namna anavyopima. Alivaa glovu hadi begani, akaingiza mkono nyuma ya farasi, akatazama dari.

"Ovari zimelala, mzee. Ngumu kama kokoto. Siku ni fupi sasa, jua linazama mapema. Jike hapati joto la kutaka dume mpaka siku zirefuke."

"Zitarefuka lini?"

"Dume litakuwa limeshaondoka."

Basi. Sikuwa na la kufanya, na kukaa sikuweza. Nikiketi, nasimama. Nafagia palipokwisha kufagiliwa. Jua likizama ndiyo balaa zaidi, ule mlango wa banda ukiwa mweusi. Nikaenda nikawasha taa, nikaiacha hadi saa ya kulala. Kesho yake tena. Kisha nikatia globu kubwa zaidi.

Binti yangu, aliyekuja kukaa nami, taa hiyo ilimchosha. "Baba, taa ya nini? Mle hamna mtu."

"Yumo mama yako mdogo."

Akacheka, kisha akalia. Wiki ile hakuuliza tena. Wiki iliyofuata akauliza.

Siku ya sabini ya kuwasha taa, asubuhi, nilikuwa nampitisha Mke Mwenza kando ya uzio wa seremala. Siku zote dume likimnusa, yeye hulaza masikio akarusha teke. Safari hii alisimama. Akainua mkia, akakojoa kidogo kidogo, akauegemea uzio hadi ukalia.

"Mzee!" seremala alipiga kelele. "Huyu wako hana haya?"

"Hana. Unaondoka lini?"

"Jumamosi."

Ilikuwa Alhamisi.

Mkono Mrefu alikuja mbio, lakini uso haukuwa na furaha. "Joto la kwanza baada ya siku fupi hudanganya, mzee. Jike anataka, vifuko vya mayai vinakua, lakini havipasuki. Vinanywea tu." Akaingiza mkono. Nikalizunguka banda mara nne.

"Hebu tulia, unanitia kizunguzungu!" Kisha akasema, "Kipo kimoja kikubwa kama ndimu. Laini. Kesho au keshokutwa kinapasuka." Akatazama juu, akaiona globu. "Hii nani alikufundisha?"

"Ipi?"

"Mwanga. Ukimwingia machoni kila jioni, ubongo unadhani siku zimerefuka. Unatuma homoni, ovari zinaamka. Wafugaji wakubwa ndivyo wanavyofanya. Huchukua kama miezi miwili."

"Sikufundishwa. Sikutaka mlango uwe na giza."

Alivua glovu polepole.

Ijumaa akapandwa. Jumamosi dume likapanda lori.

Siku kumi na sita sikutulia. Nilikwenda bandani, nikarudi, nikaenda tena. Binti yangu akaniambia nitamaliza viatu. Mkono Mrefu akaja na mashine yake yenye kioo, akanionyesha duara jeusi, kama zabibu.

"Mimba ndiyo hiyo. Na taa usiache kuiwasha mpaka siku zirefuke zenyewe."

"Umesikia?" nikamwambia binti yangu.

"Nimesikia, Baba. Mpe mama mdogo hongera zangu."

Sasa kila jioni nachelewa kidogo kuiwasha, maana jua nalo linachelewa kuzama. Itafika jioni haitahitajika. Nitaizima kwa mara ya mwisho, kama alivyokuwa akizima marehemu, nivuke ua nirudi ndani. Hiyo jioni naiogopa. Kwa hiyo natembea.