Majina Arobaini ya Wafu

Mwaka ule Bukavu, mashariki ya Kongo, ilikuwa na njia mbili za kufa, risasi na kipindupindu, na zote mbili zilipitia mezani kwa Colombe. Alikuwa karani wa vifo katika ofisi moja ya serikali. Serikali yenyewe ilikimbia vita vya pili vilipoanza, na mji ukabaki mikononi mwa askari wa uasi, lakini watu hawakuacha kuandikisha maiti zao. Mtu wa Bukavu hata umchomee nyumba, kesho yake atatafuta karatasi yenye muhuri.

Colombe alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, binti wa katekista wa kule Walungu, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi shambani. Miaka ishirini na miwili alikalia kiti kilekile. Alikuwa mkali, wala sisemi hivyo kumpamba. Siku moja alimrudisha baba mzima aliyefiwa na mwanawe, eti hakuja na shahidi wa pili. Yule baba hajafika hata barabarani, Colombe akatoka mbio huku analia, akamshika shati, akasimama shahidi mwenyewe.

Kipindupindu kiliingia wakati mabomba yamekauka na watu wa Cimpunda, mtaa wa mlimani, wanachota maji mferejini. Ofisi ilikuwa na wafanyakazi watano. Wawili walikufa wiki moja, kila mmoja peke yake nyumbani, na wenzao hawakujua mpaka harufu ilipowaita majirani. Jambo hilo lilimtia Colombe hasira kuliko huzuni. Siku tatu mtu hayuko kwenye kiti chake, nanyi mnakunywa chai mnasema labda ana udhuru!

Basi akapanga sheria, ingawa mkubwa wa ofisi hakuwa yeye. Mkubwa alikuwa Papa Théodore, mzee mpole aliyeogopa hata kofia ya askari iliyotundikwa ukutani. Meza zikatolewa barazani penye upepo. Ndoo ya maji ya klorini ikawekwa kwenye ngazi. Kushikana mikono kukapigwa marufuku, na hilo ndilo lililouma zaidi, maana huku kwetu hata mliyegombana naye unampa mkono kwanza. Daftari lisiguswe na mgeni: yeye aseme, Colombe aandike, kisha amsomee kwa sauti. Na mfanyakazi asipoonekana saa mbili za asubuhi, mwenzake aende kwake palepale na chupa ya maji ya chumvi na sukari.

Walimcheka sana. Kisha Alhamisi moja saa mbili ikapita, na Placide hajatokea.

Placide Birindwa alikuwa karani wa mashini ya kuandikia, kijana wa miaka thelathini na minne, mtu wa utani. Colombe alipanda Cimpunda akamkuta sakafuni, amelala katika uchafu wake, macho yamezama. Mkewe Jeanine alikuwa amesafiri Minova kutafuta maharagwe. Colombe alimwosha, akamnywesha kijiko baada ya kijiko, kisha akamfunga mgongoni na kupitisha kamba kwenye paji la uso, kama wanawake wetu wanavyobeba gunia la makaa. Hivyo ndivyo alivyomshusha mpaka kwenye mahema ya wagonjwa. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimpiga teke la kiuno, akamwamuru ashushe mzigo.

“Iko na kolera,” Colombe akamjibu. “Kuya umushushe weye.”

Askari aliposikia kipindupindu, akaruka nyuma mpaka ukutani.

Placide alipona. Mwezi mzima alipokuwa amelala, Colombe alijifunza kupiga ile mashini kwa vidole viwili, kazi ya mwenzake isije ikapewa mtu mwingine. Aliporudi, Placide alianza kumwita maman, na safari hii hakuwa anatania.

Hapo ndipo komanda wa kambi ya askari alipokuja ofisini. Hakunawa mikono kwenye ndoo. Aliipiga buti ikamwagika, akasema anataka majina arobaini ya vijana wenye nguvu, pamoja na nyumba zao, wakabebe risasi kwenda porini. Alitaka karatasi kesho. Kila mtu alijua safari ya porini ilivyo. Wa kwanza walikwenda sitini, wakarudi wanne, na mmoja wao hakuwa na masikio.

Alipoondoka, Papa Théodore aliketi kwenye ngazi. “Maman Colombe, tutafanya nini? Tukikosa kubapa majina, batatuua shiye.”

“Tutabapa,” akasema Colombe. “Tutabapa batu benye hawawezi tena kubeba kitu.”

Akafungua daftari la vifo, akasoma jina moja baada ya jingine, wanaume ambao kipindupindu kiliwazoa mwezi ule. Placide alipiga mashini huku anacheka mpaka machozi. Alipofika jina la arobaini, vidole vyake vikafanya kwa mazoea kile alichofundishwa shuleni: chini kabisa, upande wa kushoto, akaweka P.B., ijulikane ni nani aliyeandika karatasi. Colombe aliichukua akaipitia. Herufi zile aliziona. Alikwisha kuziona kwenye karatasi elfu nyingine, na hazikumwambia kitu. Papa Théodore akagonga muhuri.

Siku tatu askari walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwatafuta wale arobaini. Kila mlango waliovunja walikuta mjane. “Huyo tulimuzika,” wanawake wakawaambia. “Mumufuate kule.” Cimpunda ikacheka kwa kujificha, na mwenye bunduki akichekwa, msiba hauko mbali. Komanda aliirudia karatasi, akaisoma polepole, akauliza zile herufi mbili za chini ni za nani.

Jumatatu saa mbili, Placide hakufika. Colombe alichukua chupa yake akapanda Cimpunda.

“Alitoka saa moja, maman,” Jeanine akamwambia. “Alikuwa muzima kabisa.”

Colombe alielewa akiwa amesimama hapohapo mlangoni. Aliiona karatasi mbele ya macho yake, na zile herufi chini. Alikimbia mpaka kambi ya askari akamtaja Placide, wakamcharaza mikanda mpaka akaanguka kwenye matope. Kesho yake alirudi, wakamcharaza tena.

Jumatano gari la askari lilirudi kinyumenyume mpaka barazani. Watu kama thelathini walikuwa kwenye foleni, kila mtu na maiti yake ya kuandikisha. Askari wakatupa chini mfuko mweupe, ule wa waliokufa kwa kipindupindu, umefungwa na kupakwa klorini. Mfuko ule sheria yake ilijulikana: haufunguliwi, ndugu hawaoshi, matanga hakuna, unafukiwa saa ileile.

“Placide wenu,” komanda akasema. “Kolera ilimukamata njiani. Andika. Noki, haraka!”

Colombe akiandika vile, Placide ataingia udongoni kama takataka, na Jeanine atalazimika kuuamini uongo ule maisha yake yote. Asipoandika, mfuko wa pili ni wake. Colombe alilijua hilo, na aliogopa. Akachukua mkasi wa ofisi, akapiga magoti, akapasua mfuko tangu juu hadi chini.

Mikono ilifungwa kwa waya. Vidole vyote kumi vilikuwa vimepondwa, kimoja kimoja, na wala haikuwa kazi ya dakika mbili. Kisogoni palikuwa na matundu mawili.

“Mugonjwa wa kolera hafungwi waya,” akasema.

Aliinuka, akaketi mezani, akaandika. Kisha akasimama akasoma kwa sauti kama alivyowasomea wafiwa wote: “Birindwa Placide, miaka thelathini na minne, karani, mume wa Jeanine. Ameuawa. Mikono imefungwa, vidole vimepondwa, risasi mbili kisogoni.”

Hakuna aliyekimbia. Mama mmoja katikati ya foleni akasema, “Tumesikia.” Mwingine akarudia, na wa nyuma yao akarudia.

Komanda alimpiga Colombe kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakaruka. Akachana ukurasa, akamsokomezea kinywani pamoja na damu. “Kula!” Akaubana mkono wake wa kulia mezani, akaupiga kwa kitako mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mifupa ikasikika kule nyuma ya foleni. Kwa nini hakummaliza, sijui. Labda ni wale watu thelathini, ambao walisimama tu wakamtazama.

Kisha akampa Papa Théodore kalamu. Mzee alikuwa amejikojolea. Akaandika kolera, akatia sahihi. Mimi simlaumu, na anayetaka kumlaumu aende kwanza akashike kalamu ile.

Gari lilipoondoka, watu wa foleni walimbeba Placide mpaka kwake, na jioni matanga yakawekwa Cimpunda. Hakuna aliyealika mtu. Foleni yote ya asubuhi ilikuja, na kila mmoja alikuja na watu wake, hadi kiwanja kikajaa na nyimbo za kanisa zikafika barabarani. Walimwosha Placide, wakamvika suti yake ya harusi. Colombe aliketishwa kwenye mkeka karibu na mjane. Jeanine aliushika ule mkono uliofungwa matambara, akauweka shavuni.

“Maman, bila weye ningemuzika kama mbwa,” akasema. “Uliokoa bwana yangu mara mbili.”

Wanawake wakaitika, wakamsifu. Colombe alivumilia kidogo, halafu akashindwa.

“Nyamaza, mwanangu,” akasema, maneno yanavuja kwenye mapengo. “Ule ujanja ulikuwa wa miye. Majina ya bale bafu arobaini, ni miye nilibasoma. Placide aliandika tu. Na karatasi ilipita kwangu. Herufi zake zilikuwa pale chini.”

“Uliziona?”

“Niliziona.”

Jeanine akaushusha ule mkono polepole, akauweka juu ya mkeka. Kisha akafuta shavu lake kwa kitenge.

“Toka kwangu, maman.”

Watu wakanong’ona, mzee mmoja akataka kusema neno, Jeanine akamzuia. Colombe aliinuka kwa shida. Alipofika kwenye lango la kiwanja, akasikia anaitwa.

“Kesho kuya,” Jeanine akasema bila kuinua uso. “Leo siwezi kukuangalia.”

Colombe akaitikia kwa kichwa. Nyuma yake kilio kikaanza upya. Akashuka mteremko wa Cimpunda polepole, mkono umefungwa kifuani, na hakuna aliyemsindikiza.